UZI: Dawa mbili za ugonjwa wa kusahau zina asili ya mimea, lakini hiyo ya kwenye kopo ni habari nyingine

Mfamasia wa Ng'ambo

Habari za jioni wanajukwaa.

Kwa sisi tunaofanya kazi katika maduka ya dawa hapa Tabora Mjini, lipo swali moja ambalo halikai muda mrefu bila kurudi. Mtu anaweka mezani kopo la unga wa majani alilonunua stendi au mnadani, anaeleza kwamba ameambiwa unarudisha kumbukumbu kwa wazee, kisha anauliza kama ni kweli. Mara nyingi anayeuliza ni binti au kijana anayemtunza mama au bibi yake aliyeanza kusahau, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanaotaka dawa za maumivu, hivyo jibu analoondoka nalo huwa fupi kuliko linavyostahili. Hapa nitalitoa kwa urefu wake.

Nianze na jambo ambalo wenzangu wengi wa hospitali husita kulitamka: mimea imekwisha kutupatia dawa za ugonjwa huu. Kati ya dawa nne zilizozoeleka zaidi duniani kwa ugonjwa wa Alzheimer, yaani donepezili, rivastigimini, galantamini na memantini, moja iligunduliwa ndani ya mmea na nyingine iliundwa kwa kufuata umbo la kemikali ya mmea. Anayesema kwamba majani na mizizi havina la kufanya na ubongo hajui historia ya dawa anazoziuza mwenyewe.

Ugonjwa wenyewe umepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mbele ya wenzake mwaka 1906, na ndio chanzo cha takriban asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote vya demensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na ufahamu hadi mtu ashindwe kujihudumia. Ndani ya ubongo hujikusanya protini mbili: amiloidi beta, inayoganda nje ya seli za neva, na tau, inayojisokota ndani yake. Seli hufa polepole kwa miaka mingi kabla ya dalili kuonekana, na miongoni mwa zinazotangulia kuharibika ni zile zinazotengeneza asetilikolini, kemikali ambayo seli moja huitumia kuipelekea nyingine ujumbe, hasa katika umakini na katika kuhifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mzee anaweza kukusimulia jinsi walivyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na nani alikaa jirani na nani, lakini asikumbuke kwamba amekula ugali nusu saa iliyopita. Asetilikolini ikishafikisha ujumbe huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Ukikizuia kimeng'enya hicho kwa kiasi, asetilikolini kidogo iliyobaki hudumu muda mrefu zaidi. Tatu kati ya dawa nne nilizozitaja zimejengwa juu ya wazo hilo moja.

Galantamini inatoka katika mmea mdogo wa nchi za baridi uitwao kitaalamu Galanthus, unaotoa ua jeupe lililoinama theluji inapoanza kuyeyuka. Wanasayansi wa Kisovieti waliichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1950, timu ya Dimitar Paskov ya Bulgaria ikaiendeleza na kuitoa kwa jina la Nivalin, na kwa muda mrefu ilitumika kwa watu waliopooza kwa polio na kwa magonjwa mengine ya neva na misuli. Marekani iliiidhinisha kwa ajili ya Alzheimer mwaka 2001, yaani nusu karne baada ya uchunguzi wa mwanzo. Siku hizi hupatikana pia katika maua ya narsisi, ambayo wapo wakulima wa Wales wanaoyalima kwa kazi hiyo, na hutengenezwa maabara vilevile. Inafanya nini hasa? Katika majaribio ya takriban miezi sita, walioitumia walitofautiana na waliopewa kidonge kisicho na dawa kwa kiasi cha pointi 3 hivi, katika kipimo cha kumbukumbu na ufahamu chenye pointi 70. Hiyo ni nafuu ya kweli, tena kwa baadhi ya familia maana yake ni kwamba mama anaendelea kujivalisha mwenyewe kwa miezi kadhaa zaidi, lakini dawa hii haizuii seli kufa. Nayo huleta kichefuchefu, kutapika, kupungua uzito, na kwa baadhi ya watu hupunguza kasi ya mapigo ya moyo.

Safari ya rivastigimini inaanzia Afrika. Waefik wa Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria, walikuwa na punje za mmea uitwao Physostigma venenosum, wakiziita esere, na mtu aliyetuhumiwa uchawi alilishwa punje hizo: akifa, alikuwa na hatia, akitapika na kupona, alikuwa safi. Mwaka 1864 kemikali iliyomo, fisostigimini, ilitengwa peke yake, na mwaka 1935 Percy Julian, mkemia Mmarekani mweusi, akafanikiwa kuiunda maabara. Baadaye ilijaribiwa kwa wagonjwa wa Alzheimer, lakini huisha mwilini haraka mno, na tofauti kati ya kipimo kinachosaidia na kinachodhuru ni ndogo. Wakemia wakafuata umbo lake, wakaunda rivastigimini, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2000, na sasa ipo hata ya kubandika ngozini. Mimi jambo hili hunishangaza kila ninapolifikiria, kwamba punje iliyotumika kuwahukumu watuhumiwa wa uchawi imezaa dawa ya ugonjwa ambao, huku kwetu Unyamwezini na kwa jirani zetu Usukumani, umewahi kuwafanya vikongwe waitwe wachawi kwa sababu tu hutoka usiku na huzungumza na watu waliokwisha kufa.

Wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge wanaufahamu utaratibu huohuo kwa upande wake mbaya. Dawa za kuulia wadudu za kundi la oganofosfeti hukizuia kimeng'enya kilekile, ila kwa nguvu na bila kukiachia. Ndiyo sababu mtu aliyejimwagia au aliyepuliza bila kinga hutokwa mate, machozi na jasho, mboni za macho zikasinyaa, kifua kikajaa na pumzi ikakata. Hospitalini huokolewa kwa sindano ya atropini, kemikali inayopatikana pia katika mmea wa mnanaha, ambayo huzuia kazi ya asetilikolini. Na mnanaha wenyewe, mtu akiula, humvuruga akili na kumpotezea kumbukumbu za saa hizo. Kwa hiyo tunazungumzia mfumo mmoja wa mwili, ambapo mmea mmoja husaidia kidogo, mwingine huua, mwingine huokoa aliyeuawa nusu, na kinachoamua ni kemikali gani imeingia na kwa kipimo gani. Unga wa kwenye kopo haukuambii lolote kati ya hayo mawili.

Tazameni pia jinsi tafiti nyingi za mimea zinavyofanywa, kwa sababu humo ndimo vinamozaliwa vichwa vya habari mnavyotumiwa kwenye simu. Panya huchomwa skopolamini, ndugu wa karibu wa atropini, ili asahau njia ndani ya sanduku lenye vichochoro. Kisha hupewa maji ya mmea fulani, na akiikumbuka njia, makala huandikwa kwamba mmea huo umeboresha kumbukumbu. Ikifika huku mtandaoni imekwisha kuwa habari ya mmea unaotibu Alzheimer. Panya yule hakuwa na Alzheimer. Alikuwa amepewa sumu ambayo ingemtoka yenyewe baada ya saa chache, na ubongo wake haukuwa umejaa amiloidi wala tau.

Mimea iliyofika hadi kujaribiwa kwa binadamu nayo imekutana na mtihani mgumu. Majani ya ginko yalijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069, miligramu 120 mara mbili kwa siku, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba hayakuzuia demensia. Wafaransa wakarudia kwa wazee zaidi ya 2,800, na mwaka 2012 wakafikia jibu lilelile. Hupazini A, inayotoka katika mmea wa tiba ya Kichina uitwao Huperzia serrata, inakizuia kimeng'enya kilekile cha asetilikolini na inatumika Uchina, lakini jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2011 halikuona faida kwa kipimo cha mikrogramu 200 mara mbili kwa siku.

Karibuni kwa maswali.

Kijana wa Urambo

Shukrani sana mkuu kwa maelezo haya. Nimeyasoma mara mbili, kwa kuwa ni kama umeniandikia mimi.

Mama yangu amevuka miaka 70. Amekuwa akisahau vitu vidogovidogo kwa muda, lakini tangu mwishoni mwa msimu wa kuvuna amebadilika kwa haraka: anauliza jambo moja mara nyingi, anachanganya majina yetu, na usiku anaamka kutaka kwenda nyumbani kwao, ambako hakuna mtu aliyebaki. Jirani mmoja amekwisha kuanza maneno. Nilinunua unga kwa mtu anayepita vijijini na kipaza sauti. Kwenye kopo pameandikwa kwamba unatibu kusahau, presha, kisukari, nguvu za kiume na uvimbe wa tumbo la uzazi, kijiko kimoja asubuhi na jioni. Hapakuandikwa mmea wenyewe. Ameutumia na sasa anaharisha na hataki kula.

Lingine ni la ugoro. Mama hutumia ugoro tangu ujana wake, na bibi mmoja hapa ametushauri tumwongezee kwa sababu unachangamsha akili. Kwa vile umetaja tumbaku, naomba unieleze kama kuna ukweli wowote.

Mfamasia wa Ng'ambo

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa mama.

Kuhusu unga, usimamishe leo. Mama wa umri huo akiharisha bila kula hupungukiwa maji na chumvi upesi, na upungufu huo peke yake unatosha kumchanganya mtu akili. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yale ya kuhara, wakati mkijiandaa kumpeleka hospitali.

Ugoro nauchukulia kwa uzito, kwa sababu bibi huyo hakubahatisha kabisa. Nikotini huamsha vipokezi vilevile ambavyo asetilikolini huviamsha. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani kwa watu 74 wasiovuta sigara waliokuwa na upungufu mdogo wa kumbukumbu, ambao hawajafikia demensia. Nusu yao walibandikwa plasta ya nikotini ya miligramu 15 kwa siku kwa miezi sita, na umakini wao pamoja na baadhi ya vipimo vya kumbukumbu vikawa bora kidogo, ingawa madaktari waliowatazama kwa ujumla hawakuona tofauti ya kutosha kusema kwamba hali zao zimebadilika. Ile ilikuwa nikotini iliyopimwa, ikiingia kidogokidogo mchana kutwa, chini ya uangalizi. Ugoro haupimiki, una kemikali nyingine zinazosababisha saratani, na hupandisha mapigo ya moyo na presha. Sigara ndiyo kabisa, kwa sababu uvutaji umeorodheshwa miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya demensia. Wewe unayevuna majani mabichi asubuhi yakiwa na umande unakijua kile kizunguzungu na kutapika kinachowapata vibarua. Ni nikotini hiyohiyo imepenya kwenye ngozi. Usimwongezee mama.

Mzee wa Mawese (Kigoma)

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini naona mnaelekea kulekule kwa siku zote, kwamba dawa ya mzungu ikitoka kwenye mmea ni sayansi, na ya kwetu ni kopo. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti. Artemisinini ilitoka kwenye pakanga, na mama yule wa Kichina, Tu Youyou, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 baada ya kurudi kwenye maandishi ya kale ya waganga wao. Hapa kwetu Kigoma, katika Milima ya Mahale, mwaka 1987 sokwe jike aitwaye Chausiku, akiwa mgonjwa, alionekana akitafuna kiini kichungu cha shina la mmea ambao Watongwe huuita mjonso na kuutumia kutibu tumbo, na kesho yake akawa amepata nguvu. Aliyeutambua mmea ule na kueleza matumizi yake ni mwenyeji, Mohamedi Seifu Kalunde, akiwa pamoja na mtafiti Michael Huffman. Maarifa hayo yapo. Nani ameuliza wazee wetu walimpa nini mtu aliyesahau?

Mfamasia wa Ng'ambo

Mzee wangu, hoja yako ni nzito na sehemu kubwa naikubali. Nchi yetu nayo imekwisha kuikubali kisheria. Tangu mwaka 1974 Muhimbili kuna kitengo cha utafiti wa tiba asili, ambacho sasa ni taasisi kamili, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mganga anayejulikana, anayekutajia mmea na kukuambia lini uache, simweki kundi moja na mwenye kipaza sauti anayeuza kopo lisilo na jina la mti.

Hata hivyo, mifano yote mitatu uliyoitoa ina kitu kimoja kinachoitofautisha na Alzheimer. Malaria na maumivu ya tumbo hukupa jibu ndani ya siku chache. Mganga akikosea, anaona, akipatia, anaona, na baada ya vizazi kadhaa, mti usiofaa huachwa wenyewe. Alzheimer huenda kwa miaka minane, kumi au zaidi, na katika safari hiyo mgonjwa ana siku nzuri na siku mbaya. Ukimpa majani siku mbaya, kesho yake huenda ikawa nzuri, na utaapa kwamba ni majani. Hakuna jicho la mtu mmoja, liwe la mganga au la daktari bingwa, linaloweza kutofautisha hayo bila kuwalinganisha wagonjwa wengi waliopewa dawa na wengine waliopewa kitu kisicho na dawa, bila yeyote kujua nani kapewa nini. Ginko imetumika kwa miaka mingi sana na watu wenye nia njema wakiamini inasaidia, na bado kipimo hicho hakikuipitisha.

Halafu, zamani waliofikia umri wa ugonjwa huu walikuwa wachache, na kusahau kulihesabiwa kuwa sehemu ya uzee. Kwa hiyo sitegemei kwamba maarifa ya wazee kuhusu kusahau yatakuwa na uzito uleule wa maarifa yao kuhusu homa, vidonda au kuhara. Kuwauliza, tuwaulize. Galantamini ilipoanza haikutafutwa kwa ajili ya kumbukumbu hata kidogo, na huenda mti wa maana kwetu ukawa ule unaotumika sasa kwa jambo jingine kabisa.

Mzee wa Mawese (Kigoma)

Hapo kwenye siku nzuri na siku mbaya umenipa la kufikiri. Sasa nijibu na la mawese. Tunaambiwa mawese mekundu yana vitamini E ya aina ya pekee inayolinda ubongo. Sisi tunayauza, tungependa kujua tuseme nini.

Binti Uyui

Naunganisha na la manjano, maana nimesoma kwamba Wahindi hawasahau kwa sababu ya manjano kwenye chakula.

Mfamasia wa Ng'ambo

Mawese mekundu yana tokotrienoli, jamii ya vitamini E ambayo mafuta mengi ya kawaida hayana, na kuna utafiti unaoendelea juu yake, ila hakuna jaribio lililoonyesha kwamba inatibu Alzheimer. Vitamini E ya kawaida imejaribiwa. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya wastaafu wa jeshi la Marekani 613 wenye Alzheimer ya hatua za mwanzo na za kati, na waliopewa yuniti 2,000 kwa siku walichelewa kidogo kupoteza uwezo wa kujihudumia. Kumbukumbu zenyewe hazikupona. Kiasi hicho hukipati kwenye mboga, hata ukinywa lita nzima ya mawese, jambo ambalo simshauri mtu mwenye moyo na ini. Na vitamini E nyingi kiasi hicho huongeza hatari ya kutokwa damu, hasa kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu. Mawese yauzeni kwa utamu wake na kwa vitamini A ya watoto, hapo hamtakosea.

Kuhusu manjano, dada, kemikali yake, kurkumini, ni kipenzi cha maabara. Kwenye chupa za kioo huzuia amiloidi isishikamane na hupunguza uvimbe wa seli. Tatizo ni kwamba ukiimeza, karibu yote hupita tumboni au huvunjwa na ini kabla ya kufika kwenye damu, na ile kidogo inayofika bado ina kizuizi kati ya damu na ubongo cha kuvuka. Pilipili manga ina piperini, ambayo huongeza sana ufyonzwaji wake, lakini piperini hiyohiyo hubadilisha namna ini linavyoshughulikia dawa nyingine, kwa hiyo anayetumia dawa za kifafa au za moyo asichanganye ovyo. Jaribio la wiki 24 kwa wagonjwa wa Alzheimer, lililochapishwa mwaka 2012, halikuona faida. Na wapo watu, Italia na kwingineko, walioumia ini kwa vidonge vikali vya manjano. Ya kwenye pilau haina neno, endelea nayo. Habari ya Wahindi kutosahau siiamini, kwa sababu India ina mamilioni ya wagonjwa wa demensia.

Muuguzi Mstaafu

Nimesoma kimya, lakini huyu kijana wa Urambo ananitia wasiwasi, hivyo naomba niulize. Mwanangu, umesema mama amebadilika kwa haraka tangu mwishoni mwa mavuno. Je, alianguka au kugonga kichwa kipindi hicho? Anatumia dawa gani nyingine, hata zile mnazoziona ndogo? Na je, amewahi kupimwa presha, sukari, tezi ya shingo na maambukizi ya VVU?

Kijana wa Urambo

Shikamoo mama. Ndiyo, alianguka kwenye bodaboda tukitoka mnadani. Alichubuka, akasimama, tukaona yamekwisha. Dawa anazotumia ni za presha, na kila usiku humeza Piriton mbili ili alale, kwa sababu tuliambiwa hazina madhara. Vipimo vingine hajafanyiwa.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Basi mengine yote ya uzi huu yasubiri.

Mzee akianguka, hata bila jeraha kubwa, damu huweza kuvuja taratibu chini ya fuvu na kuukandamiza ubongo kwa wiki kadhaa. Dalili zake ni hizohizo za kusahau, kuchanganyikiwa, kusinzia, wakati mwingine udhaifu wa upande mmoja. Huonekana kwa picha ya CT, na wengi wakifanyiwa upasuaji hurudi katika hali yao. Ukikaa ukimkorogea unga, unapoteza muda ambao hautarudi. Akianza kutapika, kulala kupita kiasi au kushindwa kuinua mkono, msingoje asubuhi.

Halafu hiyo Piriton. Klorofeniramini, dawa iliyomo ndani yake, huzuia asetilikolini, ile ambayo mfamasia amekuwa akiieleza tangu mwanzo, na vivyo hivyo amitriptilini ambayo wazee wengi hupewa kwa usingizi na maumivu ya neva. Kwa mzee mwenye kumbukumbu dhaifu, vidonge viwili kila usiku vinatosha kumvuruga. Nimeona wazee walioletwa wodini kama wamepoteza fahamu zao za dunia hii, na baada ya dawa za namna hiyo kuondolewa wakaanza kuuliza habari za mifugo yao. Sisemi kwamba ndivyo itakavyokuwa kwa mama. Anaweza kuwa na Alzheimer na hayo mengine yameongezeka juu yake, lakini tezi ya shingo iliyolegea, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya zamani, VVU na huzuni kubwa ya kufiwa ni mambo yanayopimika na kutibika, na lazima yatolewe njiani kwanza.

Mfamasia wa Ng'ambo

Nakushukuru sana mama, umeshika penyewe. Naongeza kwamba hata kama angekuwa ameandikiwa galantamini au donepezili, Piriton ingekuwa inabomoa kile ambacho dawa hizo zinajenga, kwa kuwa zinavuta pande mbili tofauti.

Binti Uyui

Na ikithibitika kwamba ni Alzheimer, na hizo dawa hazipatikani kwetu au bei haishikiki, mtu afanye nini?

Mfamasia wa Ng'ambo

Swali zuri, dada. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliona kwamba zaidi ya wazee sita katika kila mia wenye umri wa miaka 70 na kuendelea wana demensia, hivyo ni ugonjwa wa vijijini kwetu kama ulivyo wa Ulaya. Hukohuko Hai wataalamu walijaribu mazoezi ya vikundi, ambapo wazee hukutanishwa kwa mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono zenye kuwakumbusha mambo, bila kidonge chochote, na ufahamu wao pamoja na hali ya maisha vikaimarika. Ukilinganisha na pointi 3 za galantamini, si jambo la kubeza, na halihitaji dawa ya kuagizwa nje. Presha idhibitiwe, kisukari vivyo hivyo, masikio na macho yashughulikiwe, maana asiyesikia hujitenga na asiyezungumza na watu hudhoofika upesi. Usiku mlango ufungwe kwa namna ambayo haimtishi, na akisema anataka kwenda kwao, mwulize habari za kwao. Ukimbishia kwamba hapako tena, unamfanya afiwe upya kila usiku.

Kuna dawa mpya za kuondoa amiloidi zilizoidhinishwa Marekani, lekanemabu mwaka 2023 na donanemabu mwaka 2024. Hizo hazitoki kwenye mimea, hutolewa hasa kwa dripu, zinahitaji picha za ubongo za mara kwa mara, na zinapunguza tu kasi ya ugonjwa kwa walio hatua za mwanzo. Kwa Tabora ya leo tusizizungumzie sana.

Kijana wa Urambo

Nimewasiliana na kaka yangu aliye Tabora Mjini. Tunampeleka mama kesho kwa gari la alfajiri. Je, nibebe nini?

Mfamasia wa Ng'ambo

Beba dawa zote alizotumia mwezi huu, zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na ugoro. Lile kopo la unga usilitupe; libebe na kilichobaki ndani, kwa sababu unga wa namna hiyo wakati mwingine huchanganywa na dawa za hospitali, na daktari akiona ini au figo haviko sawa atataka kujua ameingiza nini mwilini. Andika kwenye karatasi tarehe aliyoanguka, siku mliyoona mabadiliko ya kwanza, na kama yalikuja ghafla au polepole. Aende na mtu anayeishi naye, yule aliyemwona usiku. Ukifika mapokezi, kabla ya kusema kwamba mama anasahau, sema kwamba alianguka.

Muuguzi Mstaafu

Na leo usiku asipewe hiyo Piriton.